Mshtakiwa wa Jumamosi

Jumanne, tarehe 2

Kwa mpwa wangu, wakili mtarajiwa,

Marahaba mara mbili, maana ile shikamoo ya barua iliyopita sikuijibu. Hii ya sasa nimeisoma nikiwa nimelala chini ya lori, oili inanidondokea usoni, na bado nilicheka mpaka fundi akadhani nimebanwa. Yaani chuo kizima cha sheria, pamoja na walimu wake wenye miwani, kimekosa mtu wa kuwa mshtakiwa mpaka kimtafute mjomba wako? Basi hapo mmefika mahali pake.

Unasema wanafunzi wakiigiza washtakiwa wanajibu kama vitabu, ndiyo maana mwalimu wenu anataka mtu wa mtaani anayeongea kama watu. Mpwa wangu, mimi nimebishana na trafiki wa nchi nne kwa lugha tatu, na mbili kati ya hizo sizijui. Shule niliishia darasa la sita, kweli, lakini hapo nilikuwa nimeshawamaliza walimu. Kuongea sikufundishwa, nilizaliwa nako.

Jumamosi tarehe 13 nitakuwepo. Jioni ya siku hiyo nina mzigo wa saruji wa kupakia huko huko, kwa hiyo nauli yenu bakini nayo. Wakitaka nilie, nitalia. Wakitaka nianguke kizimbani, waandae godoro tu. Mama yako nimemwambia, akajibu nisije nikakuaibisha. Dada yangu huyo amesahau ni nani aliyemfundisha baiskeli.

Kitu kimoja hukuniambia: siku hiyo utanitetea au utanishtaki? Lakini nauliza nini. Damu nzito kuliko maji.

Mjomba wako,
Kapteni


Ijumaa, tarehe 5

Shikamoo Mjomba Kapteni,

Asante kwa kukubali. Darasa zima linakusubiri, nimeshawaambia habari zako, hata zile ambazo mama anasema si za kweli.

Usinikasirikie: mimi ni mwendesha mashtaka. Tulipanga kwa kura, nami nikaangukia upande huo. Wakili wako ni kijana mmoja mpole ambaye akisimama karatasi zinatetemeka mkononi. Usimcheke.

Hii si kesi nzima. Tunashindana na kundi jingine kwenye kipande kimoja tu: mshtakiwa anasomewa shtaka, upande wake unaomba dhamana, sisi tunapinga, hakimu anaamua. Hakimu ni wakili mmoja wa mjini aliyejitolea. Chuo kimeazimwa ukumbi wa mahakama ya kweli, maana Jumamosi mahakimu hawapo, kuna zamu ndogo tu ya asubuhi. Tunapewa alama za kuhoji, za kusimama, na za uhalisia wa karatasi: hati ya mashtaka, hati ya kumweka mtu mahabusu, faili lote. Hizo karatasi ni kazi yangu, na nimekesha nazo.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukishaingia kwenye nafasi yako, usitoke. Ukiulizwa jina, taja la kwenye faili. Ukiambiwa kaa, kaa. Ukipelekwa chini kwenye chumba cha mahabusu, nenda. Mwaka jana mshtakiwa alianza kumpungia mkono mkewe katikati ya kikao, kundi likakosa alama zote. Usitoke mpaka usikie mwalimu anasema zoezi limekwisha.

Mpwa wako,
Bi Hoja


Jumatatu, tarehe 15

Shikamoo Mjomba,

Naandika kwa anwani yako ya nyumbani, kwa sababu simu yako haipatikani na hapa mjini haijulikani ulipo. Wewe na tabia yako ya kuondoka kama moshi. Tulikutafuta tukupe soda na cheti, hukuonekana. Yule mwenzetu aliyekupeleka chini alidhani ulitokea mlango wa nyuma kuwahi saruji yako.

Mjomba, tumeshinda. Ulipomwambia hakimu kwamba huwezi kutoroka kwa sababu goti lako la kushoto linakataa, hata washindani wetu waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Lakini dhamana ulinyimwa, kwa hiyo na mimi nilifanya kazi yangu. Mwalimu alifurahi sana. Alisema karatasi zetu ni bora kuliko zote alizowahi kuona, kwamba hati ile ya mahabusu ukiichanganya na za kweli huitambui. Jioni ile ile akapanda basi kwenda kusimamia mitihani chuo kingine, atarudi baada ya wiki nne.

Nitumie neno nijue umefika salama. Na kama nilikuudhi kwa yale niliyosema kizimbani, niambie.

Mpwa wako,
Bi Hoja


Jumanne, tarehe 16

Kwa mpwa wangu, na kwa afande anayesoma barua hii kabla yako, salamu nyingi,

Barua yoyote haijanifikia humu, lakini hongera. Hati yako haina kasoro. Naujua ubora wake kuliko mwalimu wako, maana ndiyo iliyonileta hapa gerezani, na mpaka leo hakuna aliyeikuta na dosari.

Nikueleze ilivyokuwa, ukae chini kwanza. Nilishushwa mahabusu na yule mwenzenu mwenye viatu vinavyong'aa. Chumbani nikawakuta watu wanne kwenye benchi, wamenuna. Nikajisemea, hawa nao ni waigizaji, na kusema kweli wananizidi. Nikakaa. Nikanuna. Baadaye wakaingia askari magereza wawili na orodha, wakakuta kichwa kimoja kimezidi. Mmoja akapanda juu, akarudi na faili. Akalisoma lote, akaangalia muhuri, akaniita kwa lile jina la mchezo. Nikaitika. Nikanyoosha mikono mwenyewe kabla hajaniambia, kwa madoido, akaifunga pingu.

Nje kulikuwa na karandinga, lile gari la magereza lenye nyavu. Mpwa wangu, unajua niliwaza nini? Niliwaza: chuo hiki kina bajeti. Njia nzima nilikuwa nasikiliza mwalimu atasema wapi kwamba zoezi limekwisha. Kwenye taa, watoto wa barabarani wakaniangalia, nikawatolea ile sura ya huzuni niliyoizoea tangu asubuhi.

Geti lilipofungwa nyuma yangu ndipo sauti yake ikaniambia. Mimi ni mtu wa mageti. Najua geti la ghala, la bandari, la kwa wakwe. Lile halikuwa la mchezo. Nikamwambia afande wa mapokezi hii ni kesi ya darasani, mimi ni dereva, jina langu ni jingine kabisa. Nikamtajia. Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri: pia anajulikana kwa jina la fulani. Nyapara wa chumba akanipa sehemu ya kulala, akanifariji kwamba humu wote wako kwa makosa, yeye mwenyewe anasingiziwa mwaka wa pili.

Simu wamechukua. Tajiri wa lori najua anaamini nimemfuata mwanamke. Natamani ingekuwa hivyo.

Nalala karibu na mlango. Nimewachekesha wote, wananiita Mshtakiwa wa Jumamosi. Lakini kuna jambo moja nikilala linanirudia, si hili geti. Ni yale uliyosema kumwambia hakimu. Kwamba mimi ni mtu wa maneno matamu. Kwamba kila mji nina mwenyeji na hakuna mji wenye mlango wangu. Kwamba mtu wa namna hiyo ukimfungulia leo, kesho humpati. Ulisema bila karatasi. Nilikubeba mgongoni mimi, na siku zote hizo sikujua unaniona hivyo.

Haya, mwambie mwalimu wako aje aseme lile neno lake. Kwenye hati umeandika nirudishwe mahakamani tarehe 26. Nisingependa kufika huko.

Mjomba wako,
Kapteni


Ijumaa, tarehe 19

Mjomba wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikajikuta nimekaa sakafuni. Wewe gerezani. Na sisi Jumamosi ile tulikuwa ghorofa ya juu, tunapiga picha.

Tunalishughulikia. Nakuomba uamini hilo. Mwalimu hapatikani, yuko kwenye mitihani, ila tumekutana kundi zima, tunatafuta njia nzuri ya kulieleza. Si jambo la kukurupuka. Kuna mambo siwezi kuandika humu kwa sababu umesema barua zinasomwa, lakini kuna kitu kwenye zile karatasi ambacho hakikutakiwa kuwepo, na kikijulikana kuna mtu atafukuzwa chuo, labda na zaidi ya kufukuzwa. Wenzangu wanasema tusubiri. Wanasema tarehe 26 hakimu wa kweli ataliona mwenyewe kuwa halina mbele wala nyuma, atakuachia, na hakuna atakayeuliza.

Kuhusu yale niliyosema. Tunafundishwa kwamba hoja ya uongo haisimami, uanze na kitu cha kweli halafu ukigeuze upande unaotaka. Nilitafuta cha kweli juu yako, kikawa kingi. Sikusema kwamba huyo mtu mwenye wenyeji kila mji ndiye aliyekuwa akichepusha lori zima ili anipitishie daftari. Hilo lingekusaidia wewe. Kazi yangu ilikuwa kulinyamazia.

Nisamehe. Kula wanachokupa.

Mpwa wako


Jumapili, tarehe 21

Kwa Bi Hoja, na afande, habari za ibada,

Usinione sikusoma ukadhani sisomi. Hicho kitu kisichotakiwa kuwepo nimeshakijua, na huyo wa kufukuzwa nimeshamjua, ana kovu dogo kwenye kidevu la kuanguka kutoka kwenye baiskeli yangu. Afande, hapa ruka mistari miwili.

Sasa sikiliza mtu mzima. Usishughulikie chochote. Kaa na vitabu vyako. Mama yako ameuza duka akabakia na meza ili wewe ukae hapo, na mwaka umebaki mmoja. Mimi nimepata njia, na ni njia ya kidereva: ukikamatwa na trafiki, usibishane, kubali kosa, lipa, ondoka. Anayebishana ndiye anayekaguliwa mpaka chini ya kiti.

Humu nimeuliza wazoefu. Wanasema mtu akikiri siku ya kwanza, hakimu humpunguzia, na kwa kuwa faili linafungwa pale pale, hakuna wa kulifukua. Mimi nimeshtakiwa nini? Pikipiki. Nililisikia hilo neno wakati ule wanasoma, mengine sikuyashika kwa sababu nilikuwa natengeneza sura. Wizi wa pikipiki moja, nayo haipo, mwenyewe hayupo, hata tairi lake halipo. Nitasema nakiri kosa, naomba msamaha, nina goti. Watanitoza faini. Tajiri atanikata kwenye mshahara, tumemaliza. Nimeshalala sehemu mbaya zaidi ya hii, tena nikiwa nimelipia.

Usinishukuru. Na tarehe 26 usije, sura yako itanichekesha.

Mjomba wako,
Kapteni


Jumanne, tarehe 23

Mjomba, usikiri. Nakuomba, ukipata hii barua usikiri kitu chochote.

Si wizi wa pikipiki. Ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwenye faili una panga, umemjeruhi mwenye pikipiki kichwani, kuna na cheti cha daktari, nilikiandika mimi. Kosa hilo kwetu halina faini. Linaanzia miaka thelathini. Mwalimu alilichagua makusudi ili dhamana iwe ngumu kuombwa. Nilidhani ulilisikia likisomwa. Nawaza ungesimama pale ukitabasamu.

Na faili limekamilika, Mjomba. Hilo ndilo linalonitisha. Nimekaa nikilisoma nakala yake kama vile sikuliandika, nikitafuta mahali ambapo hakimu atashtuka aseme hii si kweli. Sijapaona.

Nilikuja jana geti kuu, wakanirudisha, si siku ya wageni. Barua hii naiacha mapokezi leo. Sema tu kwamba hukutenda. Neno moja.

Mpwa wako


Jumamosi, tarehe 27

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha dereva, nimeegesha, maana jana tulitenganishwa kabla sijakushika hata mkono. Wewe ulichukuliwa na watu wa chuo, mimi nikarudishwa gerezani kuchukua mkanda na simu. Huko ndiko nilikopewa barua yako ya Jumanne. Afande alikuwa bado anaisoma. Aliniambia pole, kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya.

Kwa hiyo jana nilipanda kizimbani sijui lolote. Nataka nikueleze nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa nyuma, uliona mgongo wangu tu.

Hakimu alikuwa mama mmoja mtulivu, anaandika kwa mkono wake. Karani akasoma shtaka. Safari hii sikuwa natengeneza sura, kwa hiyo nikasikia. Nikasikia silaha. Nikasikia panga, na damu, na jina la mtu ambaye hajazaliwa. Wale wazoefu wangu kwenye benchi wakainamisha vichwa kama watu waliofika kwenye msiba. Hakimu akaniuliza ni kweli au si kweli.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikalikosa. Nikaona nikisema si kweli, wataanza kuuliza faili limetoka wapi, na litawafikisha kwako. Nikisema kweli, nitazeeka mle ndani. Nikafungua mdomo nikasema, Mheshimiwa, na hapo nikakwama. Sijui mpaka leo ningemalizia vipi. Watu wananiuliza, nawadanganya kila mmoja lake.

Ndipo nikasikia benchi la nyuma linalia, nawe umesimama.

"Mheshimiwa, huyo hajaiba kitu. Kesi hiyo niliiandika mimi."

Hakimu hakuinua macho kwanza. Alimalizia mstari wake. "Wewe ni nani?"

"Mwendesha mashtaka."

Mwendesha mashtaka wa kweli akageuka kukutazama, watu wakaanza kucheka. Hakimu hakucheka. "Wa wapi?"

"Wa darasani."

Ukaeleza yote, taratibu, kuanzia kura mpaka karandinga. Kisha mama yule akainua ile hati, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza na huu muhuri je. Hapo nilikuwa namwangalia karani. Uso wake ulikuwa umekwisha, maana muhuri unakaa mezani kwake, na ofisi aliwaachia wazi ili mpate maji ya kunywa.

"Niliupiga mimi. Karani hakujua. Nilitaka alama."

Mpwa wangu, nimeona ajali za barabarani, nimeona lori linarudi nyuma lenyewe mlimani. Sijaona kitu kilichonishtua kama sauti yako jana ilipotamka lile neno alama. Ukumbi mzima ulisikia jinsi lilivyo dogo. Hakimu akavua miwani. Akamuuliza askari nimekaa ndani tangu lini. Akaambiwa. Akaandika. Akasema niachiwe sasa hivi, na wewe ukaandikiwe maelezo mbele ya mkuu wa chuo, na yeye ataamua baada ya hapo kama polisi watahusika. Wakati unapita karibu na kizimba ulikuwa hunitazami. Nilisema jina lako. Hukusikia.

Umekula? Niambie umekula.

Mjomba wako,
Kapteni


Alhamisi, tarehe 9

Shikamoo Mjomba,

Nilisikia uliponiita. Sikuweza kugeuka.

Kikao cha nidhamu kilikuwa jana. Mwalimu alikatisha mitihani akaja. Hakunigombeza, alikaa ameshika kichwa, akasema tu kwamba yeye ndiye aliyesifu ile hati. Wenzangu wa kundi walisema hawakujua habari za muhuri, na ni kweli, waliujua baadaye. Sasa hivi tukikutana kwenye ngazi wanatazama vitabu vyao. Ushindi umefutwa. Hakimu ameandika kwamba kwa kuwa nilijitokeza mwenyewe na mwenye kuumia ameomba lisiendelee, polisi hawataitwa. Hukuniambia kwamba ulikwenda kumwomba.

Nilijiandaa kwa maswali mengi, wakaniuliza moja. Mkuu wa chuo alitaka kujua kwa nini sikusema siku ile ile nilipojua uko wapi. Nikasema nilikuwa nashauriana na wenzangu. Nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu nilitamani kulipinga mwenyewe. Nilijua wiki nzima, Mjomba. Wiki nzima nilikuwa naamka, napiga mswaki, naingia darasani, na wewe umelala karibu na mlango.

Wamenisimamisha mwaka mmoja. Baada ya hapo wataangalia kama wanirudishe.

Nyumbani siwezi kwenda. Mama akijua, ile meza yake ataitazama kwa macho gani? Nimepata chumba karibu na chuo, kuna mtu wa kuchapa nyaraka anatafuta msaidizi. Nitakuwa namwandikia mama kama kawaida, kwamba masomo ni magumu ila naendelea. Nakuomba unisaidie kwenye hilo tu. Wewe unaweza kusimulia kitu mpaka mtu akakiona.

Mpwa wako


Jumatatu, tarehe 13

Mpwa wangu,

Umechelewa, nimeshamwambia.

Kweli naweza kusimulia. Njiani nilitunga tatu, zote nzuri, katika moja ulikuwa umepelekwa ng'ambo. Nilimkuta mama yako uani anachambua mchele. Nikakaa kwenye ndoo. Akaniangalia, akasema nimekonda, na ni nani aliyeninyoa vibaya hivyo. Zile hadithi tatu zikaniishia pale pale. Nikamwambia yote, bila kuongeza kitu. Karandinga, muhuri, ile wiki, mwaka mmoja. Mimi mwenyewe nilijishangaa, sijawahi kusikia habari yangu ikiwa fupi namna ile.

Hakuacha kuchambua. Alichambua mpaka nikaona sasa anatoa punje nzima anatupa. Nilitegemea kilio, au ungo utupwe, nilikuwa nimeshasogeza ndoo. Hakuuliza habari ya chuo, wala duka, wala watu watasema nini. Aliuliza kitu kimoja, tena hakuniangalia.

"Aliitwa, au alisimama mwenyewe?"

Nikamwambia alisimama mwenyewe. Watu wote walikuwa wamekaa.

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, nikasikia anaburuta kitanda chako kutoka ukutani, anapiga godoro. Nikadhani ndiyo hasira zenyewe zimeanza. Akatoka na shuka mkononi, akazifua pale pale mbele yangu, akanipa upande mmoja tukamue, akanigombeza kwamba nakamua kama mlevi.

Kwa hiyo mwambie huyo mtu wa kuchapa nyaraka atafute mwingine. Ijumaa napita na lori, funga vitu vyako. Ninapoandika hivi, shuka bado ziko kwenye kamba.

Mjomba wako,
Kapteni